Barua ya wazi kuhusu namba inayokosekana kwenye kadi ya mgonjwa wa kisukari

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, uongozi wa Bohari ya Dawa, na wote waliokabidhiwa kazi ya kupanga kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Yah: Kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo

Waheshimiwa,

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Nimekaa kwenye benchi la mkojo kwa miaka kumi na tisa, na wala sioni haya kusema hivyo, ingawa wenzangu wengi hulikimbia benchi hilo na kutaka kupangiwa damu, ambako kuna mashine na kuna heshima. Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema kwenye vikao vya hospitali na nimeliandika kwenye ripoti za robo mwaka, na kila mara nimejibiwa kwamba dipstiki, yaani vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, zipo na zinatosha. Hazitoshi, na naomba mniruhusu nieleze kwa nini.

Ombi langu ni moja. Kila mgonjwa wa kisukari apimwe uwiano wa albumini (protini ya damu ambayo figo nzima karibu haziivujishi) na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo wake anapoandikishwa kliniki. Akianzishiwa dawa ya kulinda figo, au akibadilishiwa dozi, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Na majibu yote mawili yaandikwe kwa tarakimu kwenye kadi yake, moja chini ya jingine, ili yeyote atakayeifungua kadi hiyo ayaone kwa pamoja. Jibu la kwanza linaeleza figo zimefikia wapi. Jibu la pili linaeleza kama dawa inafanya kazi, na hili la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa maana la kwanza angalau tunalijadili, lakini la pili hata kulitaja hatulitaji.

Nianze na benchi lenyewe. Kliniki ya kisukari kwetu ni Alhamisi, na mikojo huanza kufika saa moja na nusu asubuhi. Mingine imo kwenye vikopo tunavyowagawia wagonjwa, mingine imo kwenye chupa za maji au za dawa ya kikohozi zilizooshwa nyumbani, maana mtu aliyeamka saa kumi alfajiri ili aliwahi basi ameambiwa alete mkojo wa kwanza wa asubuhi na kikopo chetu hakuwa nacho. Unachovya dipstiki, unaigusisha kwenye mdomo wa kikopo ili matone ya ziada yachuruzike, unasubiri dakika moja, kisha unaisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kuilinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kichupa chake. Kijisanduku cha protini huwa cha njano, na kadiri protini inavyozidi ndivyo kinavyokwenda kwenye kijani. Ukiona njano unaandika “hakuna”. Ukiona njano yenye ukijani kwa mbali unasita, unaigeuzageuza, unaandika “kidogo sana”. Na mwenzako wa meza ya pili, akipewa dipstiki hiyo hiyo siku ya mawingu, ataandika “hakuna”. Majibu ya namna hii ndiyo yanayomfikia daktari, naye anayasoma kana kwamba yametoka kwenye mizani.

Tatizo kubwa zaidi halihusu macho yetu. Kwa kawaida kijisanduku hicho hakianzi kubadilika rangi mpaka albumini ifike takriban miligramu 150 katika lita moja ya mkojo, ilhali figo za mgonjwa wa kisukari huanza kuvujisha albumini muda mrefu kabla ya kufikia kiwango hicho. Isitoshe, dipstiki inapima ukolezi tu. Mgonjwa aliyekunywa maji mengi njiani mkojo wake huwa mwepesi kama maji, na protini iliyomo huonekana ndogo. Aliyekaa na kiu tangu jana yake, wake huwa mzito, na protini huonekana nyingi. Hapo ndipo kreatinini inapohitajika. Mwili huitoa kreatinini kwa mwendo usiobadilika sana kutwa nzima, kwa hiyo ukiigawa albumini kwa kreatinini ya mkojo ule ule, habari ya maji aliyokunywa mgonjwa inajifuta yenyewe.

Chukueni wagonjwa wawili walioketi benchi moja. Wote wawili mikojo yao ina albumini miligramu 60 kwa lita, na dipstiki za wote wawili zinabaki njano, kwa hiyo wote wanaandikiwa “hakuna”. Wa kwanza kreatinini ya mkojo wake ni gramu 0.5 kwa lita, hivyo uwiano wake ni miligramu 120 kwa gramu. Wa pili kreatinini yake ni gramu 2.4 kwa lita, na uwiano wake ni 25. Kwa mpangilio unaotumika duniani, chini ya 30 ni kawaida, kati ya 30 na 300 figo zimeanza kuvujisha, na zaidi ya 300 uvujaji ni mkubwa. Wa pili anaweza kurudi nyumbani salama. Wa kwanza ana ugonjwa unaohitaji dawa, nasi tumempa karatasi inayosema hana kitu.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1963 Harry Keen na mwenzake huko London walichapisha njia ya kupima albumini ndogo ambayo mbinu za kawaida za wakati ule hazikuweza kuiona. Mwaka 1982 Giancarlo Viberti na wenzake, mjini humo humo, wakaonyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini wenye albumini hiyo ndogo ndio walioelekea zaidi kupata ugonjwa wa figo miaka ya baadaye, na mwaka 1984 Carl Erik Mogensen wa Denmark akaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa kisukari cha ukubwani albumini hiyo ilibashiri pia vifo vya mapema. Nilikuwa sijaanza darasa la kwanza. Leo nina mvi, na kwenye benchi langu bado ninabashiri kwa mwanga wa dirisha.

Waheshimiwa, mtaniambia kwamba tunapima kreatinini ya damu, na ni kweli tunapima. Lakini kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na vichujio vinavyokufa hubebewa mzigo na vilivyobaki. Matokeo yake mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake kabla kreatinini ya damu haijavuka kiwango cha kawaida kilichochapwa kwenye fomu. Damu inatoa taarifa wakati nyumba imeshaanza kuungua, na kwa mgonjwa wa kisukari moshi mara nyingi huonekana kwanza kwenye mkojo.

Nina mzee mmoja ambaye sitamsahau. Alikuwa dereva wa malori, mcheshi, mwenye tabia ya kututania kwamba kazi yetu ni kunusa. Alihudhuria kliniki kwa miaka sita katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, bila kukosa, na kadi yake niliifungua mwishoni, siku aliyoletwa akiwa amevimba miguu na uso, anahema kwa shida. Safu ya mkojo ilisomeka hivi, kurasa baada ya kurasa: hakuna, hakuna, kidogo sana, hakuna, moja, hakuna, mbili, tatu (tarakimu hizo ni madaraja ya protini inayozidi). Kreatinini ya damu ilikuwa mikromoli 92 kwa lita mwaka wa kwanza, 118 mwaka wa nne, na siku hiyo ilikuwa 640. Majibu matatu kati ya yale ya “hakuna” yana saini yangu. Sikukosea kusoma, nadhani. Dipstiki ilikuwa njano kweli. Nilichokosea ni kuandika “hakuna” mahali ambapo nilipaswa kuandika “kifaa hiki hakiwezi kuona”. Yule mzee alipewa rufaa ya kwenda kusafishwa damu, akaenda kwa miezi michache, kisha familia ikashindwa nauli. Sisemi kwamba uwiano ungemwokoa kwa hakika. Ninachosema ni kwamba kwa miaka minne au mitano kulikuwa na jambo la kufanya, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba wakati wa kulifanya ulikuwa ndio huo.

Sasa nije kwenye kipimo cha pili.

Dawa kama losatani na enalapri, ambazo tunazo kwa ajili ya presha, hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, na kwa kufanya hivyo hupunguza msukumo ndani ya kichujio. Msukumo ukipungua, albumini inayovuja hupungua. Lakini msukumo huo huo ndio unaochuja taka, kwa hiyo wiki za mwanzo kreatinini ya damu hupanda kidogo. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo inaeleza kwamba kupanda kusikozidi asilimia 30 ndani ya wiki nne za kuanza dawa si sababu ya kuisimamisha, mradi potasiamu iko sawa na mgonjwa hana upungufu wa maji. Hilo limeandikwa. Ila jiwekeni kwenye nafasi ya tabibu kijana aliye peke yake kliniki, wagonjwa sitini wanamsubiri, mezani ana jibu moja tu, na jibu hilo linasema kreatinini imepanda tangu dawa ianze. Atafanya nini? Ataisimamisha dawa, atamweleza mgonjwa kwamba “haijakubaliana na figo zako”, na mgonjwa hatakubali kuimeza tena hata akishauriwa na bingwa.

Nimeliona hilo likitaka kutokea. Mama mmoja mwuza mboga aliyekuwa akitibiwa kwetu alikuwa na kijana wake mjini aliyeweza kulipia vipimo kwenye maabara ya binafsi. Kabla ya kuanza losatani uwiano wake ulikuwa 640. Baada ya miezi mitatu ulikuwa 310. Kwa upande wa damu kreatinini ilikuwa imetoka 88 ikafika 104, na tabibu alikwishachukua kalamu ili aifute dawa kwenye kadi. Yule mama akatoa karatasi ya mwanawe iliyokunjwa mara nne kwenye upindo wa khanga. Tabibu akaisoma, akaniita dirishani, tukaisoma pamoja: damu imepanda asilimia 18, mkojo umeshuka zaidi ya nusu. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Ikabaki. Asubuhi hiyo kliniki ilikuwa na wagonjwa wengine kadhaa wanaomeza losatani ile ile, ambao hawana kijana mjini.

Kupungua huko kwa nusu si mapambo ya karatasi. Utafiti wa losatani uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa 1,513 wa kisukari cha aina ya pili waliokwisha kuathirika figo, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 28 hatari ya kufikia hatua ya mwisho ya figo kushindwa. Dick de Zeeuw na wenzake walipozirudia takwimu hizo mwaka 2004 walikuta jambo linalotuhusu sana sisi wa maabara: kila albumini ilipopungua kwa nusu ndani ya miezi sita ya mwanzo, hatari ya kufikia hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ndogo kwa asilimia 45. Maana yake ni kwamba mkojo wa miezi michache ya mwanzo unatoa habari za miaka ya mbele. Mgonjwa ambaye albumini yake haijashuka naye anatupa habari: huenda dozi ni ndogo, huenda hamezi, huenda chumvi ni nyingi mno, huenda presha haijadhibitiwa, au huenda anahitaji dawa ya kundi jingine. Bila namba ya pili hao wote wanaandikiwa “endelea na dawa”, na wanaendelea.

Kuhusu hilo kundi jingine, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu dawa za kisukari zinazoifanya figo itupe sukari kwenye mkojo, ambazo dapaglifozini ni mojawapo. Utafiti mkubwa wa dapaglifozini uliotoka mwaka 2020 uliwachukua watu ambao uwiano wao ulikuwa kati ya 200 na 5,000, wenye kisukari na wasio nacho. Dawa hizo bado ni ghali kwa mifuko ya watu wetu, na siku zitakaposhuka bei tutaulizwa nani apewe kwanza. Tutamchaguaje, ikiwa kipimo kilichotumika kuchagua waliofaidika hatuna?

Nchi hii inajua sana kupima ili kuona kama dawa inafanya kazi. Angalieni kliniki zetu za tiba na matunzo. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupimwa wingi wa virusi, na nimewasikia akina mama wasiojua kusoma wakiambizana kwenye foleni kwamba “vyangu havionekani”, kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani. Anaijua namba yake, anajua ikipanda maana yake nini, na mhudumu akichelewa kumpima humdai. Nenda kliniki ya kisukari iliyo jengo la pili, uliza mtu yeyote uwiano wa albumini yake ni ngapi. Hajawahi kusikia neno hilo, na mara nyingi mhudumu naye hajaliandika mahali popote. Jengo ni jirani, maabara ni moja, wataalamu ni wale wale.

Mkojo nao tumekwisha kuuamini kwa ugonjwa mzito. Kipimo cha kutafuta kifua kikuu kwenye mkojo wa watu wenye virusi vya UKIMWI waliolazwa kilijaribiwa katika hospitali kumi za Afrika, zikiwemo za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha vifo vya wiki nane vikishuka kutoka asilimia 25 hadi 21 kwa waliopimwa. Yatosha kukitaja.

Ukubwa wa tatizo mnaujua kuliko mimi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wana kisukari. Uchunguzi uliofanywa kwenye kaya za Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo, mjini asilimia 15 na vijijini asilimia 2, na walio wengi hawakuwa na habari. Ninaiheshimu kazi iliyofanyika Muhimbili tangu upandikizaji wa figo wa kwanza mwaka 2017, na ile ya Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofuata mwaka 2018. Kabla ya hapo watu wetu walipanda ndege kwenda India. Lakini mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hukaa kwenye mashine mara 156 kwa mwaka, saa nne kila mara, na hesabu ya fedha iliyo nyuma ya namba hiyo mnayo ninyi mezani.

Sasa nizungumzie utekelezaji, kwa kuwa najua barua nyingi za namna hii hukwama hapo. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine ya kemia, na kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha kreatinini ya damu ndicho hicho hicho kinachoweza kupima ya mkojo, mradi mkojo upunguzwe ukolezi kwanza kwa kipimo sahihi maana kreatinini yake ni nyingi mno. Kinachokosekana mara nyingi ni kitendanishi cha albumini ya mkojo na vimiminika vyake vya udhibiti wa ubora. Bohari ya Dawa ikiviweka kwenye orodha ya kuagizwa kila mara, pamoja na vitendanishi vya kawaida, kazi kubwa itakuwa imekwisha. Nawaonya wenzangu jambo moja: albumini ikizidi sana, mashine za aina hii zinaweza kudanganyika na kutoa namba ndogo, kwa hiyo mkojo wa mgonjwa aliyevimba unaoleta jibu zuri ajabu urudiwe ukiwa umepunguzwa ukolezi. Na tafadhalini, nchi nzima itumie kizio kimoja. Maabara moja ikitoa miligramu kwa gramu na nyingine miligramu kwa milimoli, mgonjwa wa 30 atakuwa mzima huku na mgonjwa kule, kwa kuwa 30 ya kwanza ni takriban 3 ya pili.

Vituo vya afya visivyo na mashine vinaweza kutuma sampuli. Mkojo ukikaa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8 unavumilia siku saba, na njia ya kusafirisha sampuli za wingi wa virusi tayari ipo, pikipiki zake zinapita mlangoni petu. Kuna pia dipstiki mpya zenye kijisanduku cha kreatinini, ambazo zinafaa zahanati kwa kuchuja nani apelekwe mbele. Kwa kufuatilia dawa hazifai, kwani hutoa madaraja wala si namba, na mtu anaweza kutoka 290 akashuka 120 akabaki daraja lile lile.

Ninachowasihi msifanye ni kukubali shehena ya vimashine vidogo vya msaada bila mkataba wa katriji. Tunalo kabati hospitalini, la mbao, lina kufuli, limejaa vimashine vya namna hiyo vilivyofanya kazi mwaka mmoja. Vilevile msivutwe na viashiria vipya vya mkojo ambavyo wauzaji hutuletea vipeperushi vyake kwenye makongamano. NGAL na KIM-1, ambavyo ni protini zinazoashiria figo kujeruhiwa, vina nafasi yake kwenye utafiti wa majeraha ya figo. Na huko Ulaya kikundi kikubwa cha protini za mkojo kilijaribiwa kwa kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2020: kilibashiri vizuri nani ataanza kuvujisha albumini, ila dawa waliyopewa waliobashiriwa haikuzuia. Tuanze na kilichothibitika.

Albumini yenyewe ina ukorofi wake, na nisiufiche. Kwa mtu huyo huyo hubadilika siku hadi siku. Homa huipandisha, maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, hedhi huichafua, na mkulima aliyelima tangu alfajiri ndipo akaja kliniki anaweza kupata jibu la kumtisha bure. Kanda ya Ziwa kuna kichocho, na mkojo wenye damu ya kichocho hausemi lolote la kuaminika kuhusu kisukari mpaka kichocho kitibiwe. Ndiyo maana jibu la kwanza lililo juu lirudiwe, mawili kati ya matatu ndani ya miezi mitatu hadi sita yakubaliane, ndipo mgonjwa aambiwe ana ugonjwa. Na ndiyo maana mabadiliko madogo baada ya dawa yasishangiliwe wala kuombolezewa. Anayetoka 400 akafika 370 hajabadilika. Wataalamu wa kisukari wa Marekani wanashauri, kwa aliye juu ya 300, kulenga kupunguza asilimia 30 au zaidi, na hicho ni kiwango ambacho tabibu wa kituo cha afya anaweza kufundishwa kukikokotoa kwa simu yake kabla ya chai ya saa nne.

Kwa walio kwenye kitita cha mafao, naomba kipimo hiki kilipwe waziwazi mara mbili katika mwaka ambao dawa imeanzishwa au kubadilishwa, na mara moja kwa mwaka baada ya hapo. Kikilipwa mara moja tu, hospitali zitapima mara moja tu. Kwa Wizara, naomba sentensi mbili kwenye Mwongozo wa Matibabu na mistari miwili kwenye kadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na vitita vinapopangwa ni rahisi kuingiza jambo kuliko kulichomeka baadaye.

Kwetu hapa, wakati tunasubiri, tumechongesha mhuri wa shilingi chache kwa fundi wa sokoni. Ukigongwa kwenye kadi unaacha mistari miwili: “Uwiano wa kwanza, tarehe” na “Uwiano baada ya miezi 3, tarehe”. Alhamisi iliyopita tuligonga kadi hamsini na nne. Mistari yote bado mitupu. Vitendanishi vikifika Jumatano jioni, saa mbili asubuhi ya siku inayofuata tutakuwa tumeanza kuijaza.

Wenu mtiifu,

Mteknolojia wa maabara, hospitali ya wilaya